Kupaka Rangi Upya Gitaa Kuukuu la Umeme Katika Hewa ya Dar

Ukiingia duka la rangi Kariakoo, muuzaji atataka kujua unapaka nini: ukuta, geti au gari. Ukimwambia gitaa, huenda akakupa rangi ya mafuta, na kazi imeshaharibika kabla hujafungua kopo. Rangi ya mafuta hukauka juu ikabaki laini chini kwa wiki nyingi. Mkanda utaacha alama, kiwiko kitaifanya inate, na siku ukitaka kuifunika kwa kitu kingine itakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Ulizia rangi ya NC (nitroselulosi), ile ambayo mafundi samani, wa Keko na kwingineko, hupuliza kwenye makabati na vitanda. Hiyo hukauka kwa tina yake kupaa hewani tu, husuguliwa ikang'aa kama kioo, na ukikosea inarekebishika, kwa kuwa koti jipya huyeyusha kidogo lililo chini yake na kushikana nalo likawa kitu kimoja. Magitaa mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 yalipakwa rangi ya jamii hiyohiyo.

Kuna rangi ya gari yenye hadina pia, ile ya mchanganyiko wa makopo mawili. Ni ngumu kuliko NC na inang'aa siku hiyohiyo, lakini usiipulize nyumbani. Ukungu wake una aisosayanati, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Ukiitaka, andaa bodi (kiwiliwili cha gitaa) mwenyewe mpaka hatua ya mwisho ya msasa, kisha mpelekee fundi rangi wa magari mwenye chumba na vifaa vyake. Mwambie waziwazi: makoti mawili membamba ya klia (rangi angavu ya juu), si manne. Amezoea bati la gari, na gitaa lililovikwa klia nene hupoteza kona zake zote likaonekana kama limechovywa kwenye plastiki.

Neno moja kabla ya bisibisi. Kama gitaa ni la zamani kweli, la kampuni yenye jina kama Fender au Gibson, na rangi yake ni ya kiwandani, liache lilivyo hata kama limechubuka. Wanunuzi wa magitaa ya kale hulipia rangi ya asili, na kulipaka upya hupunguza bei yake sana. Mwongozo huu ni wa yale magitaa mengine: la kwaya lililokaa stoo, la bendi iliyovunjika, la mtumba lenye stika saba.

Jua kilicho juu ya mbao

Chovya pamba kwenye asetoni (dawa nyingi za kuondoa rangi ya kucha ni asetoni), kisha iweke mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya plastiki ya mbele au kwenye mfuko wa shingo (shimo la bodi linalopokea shingo). Subiri dakika moja. Rangi ikinata na kuhamia kwenye pamba, ni NC. Isipotikisika kabisa, ni poliuretani au poliesta, na magitaa mengi ya bei ya kawaida kutoka viwanda vya Asia yako hivyo.

Jibu hilo linaamua kazi yote. Poliesta iliyoshikilia vizuri, isiyobanduka wala kupasuka, usiibandue. Wengi hupoteza siku nne wakiikwangua mpaka mbao kisha wanatumia wiki mbili kujenga upya msingi uleule waliouondoa. Isugue kwa msasa namba 320 mpaka mng'ao wote ufe, uso uwe kama kioo kilichopigwa ukungu, na utakuwa na msingi mgumu kuliko wowote utakaopuliza. Kubandua kuna maana pale tu rangi inapotoka kwa maganda, au unapotaka mishipa ya mbao ionekane.

Na kabla ya kuota mishipa ya mbao, tazama ubavu wa bodi ndani ya matundu ya pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi). Ukiona mistari ya tabaka kama plaiwudi, mbao hiyo si ya kuonyesha. Ukikata tabaka la juu utakutana na gundi, na gundi hainywi rangi. Hapo chagua rangi nzito ya kufunika.

Kufungua

Legeza nyuzi polepole, zote kwa pamoja na si mmoja mmoja mpaka mwisho, ili shingo isishtuke. Fungua skrubu nne za shingo. Piga picha za nyaya kabla ya kuyeyusha lehemu yoyote. Piga nyingi, kwa mwanga wa mchana. Waya mmoja usiusahau: ule mwembamba unaotoka kwenye poti ya sauti (kirekebisho cha kuzungusha) ukapita tundu dogo kwenda kwenye brigi (chuma kinachoshika nyuzi juu ya bodi). Huo ndio ethi ya nyuzi. Kwenye gitaa lenye mkono wa kutetemesha sauti, waya huo umelehemiwa nyuma, kwenye kibati kinachoshika springi.

Skrubu za pikapu, za brigi na za plastiki hufanana kwa macho lakini urefu hutofautiana. Zichomeke kwenye kipande cha boksi na uandike kando ya kila fungu. Skrubu ndefu iliyorudi mahali pa fupi huweza kutokea upande wa pili wa bodi, juu ya rangi yako mpya.

Brigi yenye nguzo mbili huwa na vikombe vya chuma vilivyopigiliwa ndani ya mbao. Usivichokonoe kwa bisibisi. Dondosha kipande kifupi cha msumari ndani ya kikombe, rudisha nguzo na uizungushe kama unaikaza. Ikigusa msumari itakosa pa kwenda, na kikombe kitapanda chenyewe. Kama shingo imegundishwa, haifunguki: ifunge yote kwa gazeti na tepu ya karatasi.

Kubandua, ikibidi

NC ya zamani hulainika kwa tina na kitambaa. Poliesta haijali tina, na dawa nyingi za kubandulia rangi huishia kuichubua juu tu. Inaondoka kwa joto: bunduki ya hewa moto, isogezwe bila kusimama, na kisu kipana cha puti kisicho na makali kikifuata nyuma. Joto likikaa mahali pamoja mbao huungua, na doa jeusi la kuungua huingia ndani zaidi ya msasa wako. Ikianza kuvimba, sukuma kisu. Ikianza kutoa moshi, umechelewa. Fanya nje, vaa barakoa ya kichujio cha mvuke, usiruhusu watoto kucheza karibu. Rangi za miongo ya nyuma huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo maganda na vumbi lake vikusanye kwenye mfuko, usivifagilie uwanjani kwa kuku.

Kisha msasa: 120, 180, halafu 220. Ufunge msasa kwenye kipande cha mbao bapa kwenye sehemu zote tambarare, kwani vidole huchimba mifereji isiyoonekana mpaka klia ing'ae. Fuata mishipa ya mbao. Mfuko wa shingo usiuguse kabisa: nusu milimita ikiondoka pale, pembe ya shingo hubadilika na nyuzi zitakaa juu au zitagonga freti (vyuma vilivyokatiza shingo).

Makovu ya mbao

Kibonyeo ambacho nyuzi za mbao hazijakatika hupandishwa kwa mvuke. Weka kitambaa chenye maji, kandamiza ncha ya pasi ya moto kwa sekunde tano, angalia, rudia. Mbao laini kama baswudi hupanda vizuri. Iache ikauke siku moja kabla ya kusugua.

Matundu ya skrubu yaliyolegea jaza vijiti vya meno na gundi ya mbao, ukate usawa. Tundu kubwa lizibwe kwa kipande cha mbao, na hapa watu hukosea kwa kutumia mninga au mkongo kwa sababu ndiyo mbao bora. Ubora wake ndio tatizo: kizibo kigumu ndani ya mbao laini hakilingani nayo kwenye msasa, kitabaki kama kichuguu. Paini inatosha. Mikwaruzo na michubuko midogo inayofunikwa na rangi nzito ziba kwa puti ya gari, kamwe si puti ya ukuta, ambayo hunywa rangi na kumeguka.

Hewa, unyevu na saa ya kupuliza

Tina inapopaa huchukua joto na kuupooza uso wa rangi. Hewa yenye maji mengi ikikutana na uso huo, umande hujikusanya ndani ya rangi mbichi, na klia iliyokuwa maji matupu huwa nyeupe kama chai iliyotiwa maziwa. Mafundi husema rangi imeota ukungu. Jiji la pwani halina siku kavu za kweli, kwa hiyo unachagua siku na saa.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, andaa mbao tu na ununue vifaa. Januari na Februari inawezekana, lakini joto hukausha tone kabla halijafika kwenye bodi, uso ukawa wa chengachenga. Kwa siku yenyewe, unyevu huwa juu alfajiri na hushuka kadiri jua linavyopanda; puliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mapema kabla upepo wa bahari haujaanza kubeba vumbi la mtaa. Siku iliyofuata mvua ya usiku, acha.

Njia rahisi ya kupima: puliza kipande cha mbao taka na usubiri dakika tano. Kikiota weupe, gitaa libaki ndani. Uliza pia tina ya polepole, wengine huiita ritada. Kijiko kimoja hadi viwili vya chakula kwa kila nusu lita ya mchanganyiko huipa rangi muda wa kutoa maji. Usizidishe, maana nyingi huchelewesha kukauka kwa siku.

Usipulize juani, wala usikaushe juani. Ngozi ya juu hufunga mapema, tina iliyobaki chini huchemka na kutoa malengelenge madogo kama chunusi. Kivuli cha baraza chenye hewa ndicho mahali pake. Fagia jana yake, si asubuhi hiyohiyo. Chandarua cha zamani kilichoning'inizwa pande tatu huzuia wadudu na majani bila kuzuia hewa.

Halafu jiko. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni, na kwenye nyumba ya wapangaji wengi daima kuna mtu anayepika. Jiko la mkaa la jirani, upande wa pili wa uwanja, linatosha kuuwasha. Kubaliana na wenzako kabla hujaanza, na matambara yenye tina yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kupuliza

Bodi ya gitaa haifiki hata nusu mita ya mraba, pande zote. Vifaa hivi vinatosha, na vitabaki:

- sandingi sila ya NC (ya kuziba mbao), nusu lita
- praima ya NC nyeupe au ya kijivu, nusu lita
- rangi ya NC, nusu lita
- klia ya NC, lita moja
- tina ya NC, lita nne, pamoja na ya kuoshea
- msasa wa kawaida 120, 180, 220 na 320. Wa maji 600, 1000, 1500 na 2000, karatasi mbili za kila namba
- barakoa yenye vichujio vya mvuke, glovu, tepu ya karatasi

Kata fimbo ya mbao ya sentimita 40 na uifunge kwenye mfuko wa shingo kwa skrubu zilezile za shingo. Sasa una mpini wa kushikia na pa kutobolea tundu la waya wa kuning'iniza. Fimbo hiyo hiyo inazuia rangi kuingia mfukoni. Matundu ya pikapu na ya poti jaza magazeti, hasa kama ndani kuna rangi nyeusi ya kukinga mlio wa umeme.

Futa bodi kwa kitambaa safi chenye tina kidogo, kisha usiiguse tena kwa mkono mtupu. Samani na magitaa mengi yamewahi kung'arishwa kwa dawa zenye silikoni, na silikoni ndiyo mama wa macho ya samaki: rangi inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Vikitokea, simama papo hapo, futa kwa tina, kausha, safisha upya. Kuongeza rangi juu yake ni kuongeza ukubwa wa shimo.

Changanya NC na tina nusu kwa nusu mpaka itiririke kama maziwa mabichi. Bunduki ya tundu la milimita 1.3 au 1.4, presha bar 2, umbali wa shibiri moja hivi, sentimita 20. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye bodi na uachie baada ya kuivuka; kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono uende sambamba na bodi, usizunguke kama feni. Ubavu kwanza, kisha mgongo, mbele mwisho. Kama umeme wa mtaa wenu hukatika ovyo, jaza tangi la kompresa kabla ya kila koti. Hewa ikififia katikati ya mpito, bunduki hutema matone.

Ratiba yenyewe: mbao tupu hupata sila makoti matatu, saa moja kati ya moja na jingine. Mbao yenye vinyweleo vikubwa kama mahogani au ashi huhitaji puti ya vinyweleo kwanza, la sivyo vitajitokeza baada ya miezi miwili kama ngozi yenye vipele. Kesho yake msasa 320. Praima makoti mawili, rangi matatu hadi manne membamba. Koti la kwanza la rangi lisijaribu kufunika. Kila anayelazimisha kufunika kwa koti moja hupata michuruziko. Rangi yenye chembe za madini usiisugue kabisa, ukikata chembe unapata mabaka. Kisha klia: matatu kwa siku, kwa siku tatu, na msasa 600 mkavu, mwepesi, kila asubuhi kabla ya kuanza.

Anayetumia makopo ya kupuliza ya mililita 400 ahesabu moja la praima, mawili ya rangi, matatu ya klia. Yaweke dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto, ili presha iwe sawa. Makopo mengi si NC, kwa hiyo kila mchanganyiko ujaribiwe kwenye mbao taka hadi siku ya pili. Kukunjamana huja kwa kuchelewa.

Mchuruziko usiufute ukiwa mbichi. Uache ukauke siku tatu, uukwangue kwa wembe uliofungwa tepu pembeni zote mbili ili uguse uvimbe peke yake. Ukungu mweupe nao mara nyingi huondoka kwa mpito mmoja mwepesi wa tina tupu yenye ritada, siku kavu.

Kungoja, kisha kung'arisha

Wiki nne, likining'inia ndani ya nyumba. Kipimo ni pua: weka pua kwenye bodi, ukisikia tina bado. Anayesugua wiki ya kwanza hupata kioo, kisha mwezi unaofuata rangi inaendelea kunywea na mikwaruzo ya msasa inaibuka kutoka chini.

Loweka msasa wa 1000 dakika kumi, maji yawe na tone la sabuni ya vyombo. Sugua kwa kipande bapa mpaka vidoa vyote vinavyong'aa viishe, maana kila kidoa kinachong'aa ni bonde ambalo msasa haujafika. Kwenye kona tumia mkono mwepesi na mipito michache. Kona zina rangi nyembamba na ndipo watu wote hukata mpaka mbao. Kisha 1500, kisha 2000, halafu kompaundi ya gari kwa kitambaa laini cha pamba. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu: mbao huvimba na rangi hupasuka duara kuzunguka tundu. Sugua mshumaa kidogo kwenye kila tundu kabla ya kuanza.

Kurudisha

Kila tundu la skrubu lipanuliwe mdomo kwa ncha ya keekee, kwa mkono, uondoe rangi iliyoziba. Skrubu inayokata njia ndani ya rangi huinyanyua ikapasuka. Mipaka ya mfuko wa shingo ikate kwa wembe kabla ya kutoa ile fimbo.

Rudisha ethi ya brigi kwanza. Gitaa linalovuma na kunyamaza pale tu unapogusa chuma cha jeki (tundu la kuchomekea waya) linakuambia waya huo haujafika. Poti zilizochoka zibadilishwe sasa: kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja, 500 kwa za koili mbili. Kaza nyuzi, liache usiku mmoja, kisha pima kwenye freti ya 12; milimita 1.6 hadi 2 kati ya juu ya freti na uzi ni urefu wa kawaida.

NC na mpira havipatani. Stendi yenye mpira au sifongo, na mkanda wa plastiki ulioachwa juu ya bodi, huilainisha rangi na kuacha alama isiyofutika, hata miaka baadaye. Funga mikono ya stendi kwa vipande vya kanga kuukuu ya pamba.